Kupigwa 12 na bado ukashinda

Wiki hii mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, boti zimelala hapa Kibirizi na mimi karani wa baba mdogo sina cha kuandika. Basi nimekaa na simu nasoma matokeo ya zamani ya besiboli ya Marekani. Ndio, besiboli, msinicheke, mchezo wenyewe sijawahi kuuona kwa macho ila ile karatasi yake ya takwimu nimeipenda mno maana imekaa kama daftari langu la mwaloni kabisa, majina huku namba kule, na ukishajua kuisoma mechi nzima unaiona bila kumaliza bando la video. (Aliyeisuka sana hiyo jedwali ni Henry Chadwick, Mwingereza aliyehamia Marekani, mwandishi wa habari, alianzia kwenye kriketi.)

Sasa ipo moja ya tarehe 26 Mei 1959, Pittsburgh Pirates ugenini kwa Milwaukee Braves. Mwishoni kuna herufi tatu, R ni pointi (mtu kazunguka vituo vyote akarudi alipoanzia), H ni kupiga mpira ukafika kituo salama, E ni makosa ya walinzi. Pirates 0, 12, 1. Braves 1, 1, 0. Nikarudia mara tatu nikajua tu aliyechapa kakosea, watu wamepiga 12 hawana kitu, wenzao wamepiga moja tu wamebeba mechi??

Kumbe mrushaji wa Pirates (yule anayewarushia wapinzani mpira waupige), Harvey Haddix, tena siku hiyo anaumwa mafua, alirusha raundi 12 na hakuna mtu aliyegusa hata kituo cha kwanza, wapigaji 36 wote kawatoa. Mechi ya kawaida ni raundi 9, yani yeye kazi alishamaliza zamani, wenzake ndo hawakumpa hata kapointi kamoja. Raundi ya 13 Don Hoak kaokota mpira karusha ovyo, hiyo ndo E yenyewe, Félix Mantilla akakaa kituoni. Eddie Mathews akakubali kutolewa ili mwenzie asogee, Hank Aaron wakampa kituo cha bure makusudi, halafu Joe Adcock akaupiga ukavuka uzio. Mpira ukivuka uzio mpigaji na wote walio vituoni wanapata pointi, Mantilla, Aaron na Adcock, hapo si ni 3-0? Wapi! Aaron alidhani mpira haujavuka, akakatisha zake kuelekea benchi, Adcock akampita njiani, akahesabiwa katolewa, na pigo lake likaandikwa la vituo viwili. Ikabaki pointi ya Mantilla tu, mwisho wa yote 1-0.

Na Lew Burdette, mrushaji wa Braves aliyechapwa hizo 12, ndo kaandikiwa ushindi. Mwaka 1991 wakabadili maana ya mechi ya mrushaji asiyepigwa, ikawa lazima mechi iishe bila hata H moja, na kwa lile pigo la Adcock Haddix akaondolewa hata kwenye hiyo orodha. Iliniuma kama ndugu yangu.

Jioni nikamwonyesha baba mdogo, nikamfafanulia zile namba moja moja, akanisikiliza huku anashona wavu.

"Sasa huyo aliyeshindwa, hela yake alipewa?"

Nikamwambia baba, wale wana mshahara.

"Basi achana naye. Fungua daftari lako, ile Jumanne tuliyorudi alfajiri. Petroli?"

"Lita 40."

"Beseni?"

"Sifuri."

"Haya. Sisi nani katuandika kwenye simu?"