Sanduku la Wino la Chiyohime

Nilifika Nagoya, Japani, kwa ajili ya magombo. Makumbusho ya Sanaa ya Tokugawa ndiyo yenye sehemu kubwa ya magombo ya picha ya Hadithi ya Genji, riwaya kongwe ya Kijapani, yaliyosalia tangu karne ya 12, nami nilidhani yametandazwa mwaka mzima. Sivyo. Rangi ikiwa juu ya karatasi huliwa na mwanga, kwa hiyo yale ya asili hutolewa kwa muda mfupi tu, na siku nyingine mgeni huonyeshwa nakala. Anayeyataka aangalie kwanza ratiba ya maonyesho, ndipo akate tiketi ya treni.

Siku ile kilichonibakiza ndani ni sanduku la wino, moja ya vyombo vya harusi vya Chiyohime, binti wa Tokugawa Iemitsu, shoguni, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani. Viliagizwa alipozaliwa mwaka 1637, kwa fundi Koami Nagashige, na mwaka 1639 vikaingia naye katika ukoo wa Owari, tawi la Tokugawa, alipoozwa Mitsutomo, mrithi wake. Bibi harusi hakuwa ametimiza miaka mitatu.

Nilipolitazama nimesimama wima, niliona weusi na dhahabu, basi. Mhudumu mmoja mzee akaniashiria nichuchumae. Macho yangu yalipolingana na kifuniko, picha iliinuka: mti, mwamba, ukingo wa maji.

Dhahabu ile haikupakwa kwa brashi. Fundi huchora kwa laka mbichi, yaani utomvu wa mti wa urushi, kisha hunyunyiza unga wa dhahabu kwa kimrija chenye kitambaa chepesi mdomoni. Akiwahi mno, unga huzama, akichelewa, haushiki. Panapotakiwa kuinuka, hujenga kwanza tuta kwa laka na unga wa mkaa. Halafu hupaka laka tena juu ya unga, na ikishakauka huisugua kwa mkaa hadi dhahabu itokeze. Na kukauka kwake si kama kwa rangi ya ukutani: laka huhitaji unyevu ili igande, hivyo kazi huwekwa ndani ya kabati lenye joto na unyevunyevu. Katika hewa kavu hubaki inanata. Ikishaganda, maji hayaiwezi, lakini jua huifubaza, ndiyo maana chumba kile kilikuwa na giza la jioni. Lipe jicho dakika tano lizoee kabla hujakata tamaa.

Mhudumu akaonyesha tena kwa kidole, safari hii kwenye majani na mawe. Kumbe ni herufi! Pambo lote limetolewa katika sura ya Hadithi ya Genji iitwayo Hatsune, "sauti ya kwanza", na maneno ya shairi lake yametawanywa humo. Mama aliyemtoa binti yake akalelewe kwingine anamwandikia siku ya mwaka mpya: mama amengoja miezi na miaka, leo binti na amsikilizishe sauti ya kwanza ya ndege uguisu. Katika shairi hilo neno *matsu* lina maana mbili, msonobari na kungoja.

Nilirudi kwenye kifuniko nikautafuta msonobari. Ulikuwa pale, kila sindano ya jani imeinuliwa peke yake. Nilikuwa nimezitambua herufi nne tu walipotangaza kufunga.