Shamba la majaribio la pamoja: msilisahau tuta la kulinganishia

Watu wakisikia shamba la majaribio la mboga la pamoja wanawaza grinihausi, mipira ya dripu, haidroponiki, vile vitu vinavyopendeza kwenye picha. Mi naona kabla hamjanunua hata mpira mmoja mkubaliane kwanza ni tuta gani litalimwa vilevile mlivyozoea, mbegu ileile, siku ileile ya kupandikiza, maji yaleyale, tofauti iwe ile njia mnayoijaribu tu. Bila hilo tuta la kulinganishia mtavuna nyanya za kutosha mseme matandazo, yale majani ya kufunika udongo, yamefanya kazi, kumbe msimu tu ulikuwa mzuri na kila mtu kavuna.

Wenzetu walishalijua hili zamani. Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kuna shamba la ngano linaitwa Broadbalk, majaribio yake yalianza 1843 na mpaka leo kuna ukanda hauwekwi mbolea ya aina yoyote, maana huo ndo unaowaonyesha mbolea imeongeza nini. Hapohapo ndo alikuja kufanya kazi Ronald Fisher, mtu wa takwimu, mwaka 1919, akaja kusisitiza kwamba tuta la njia mpya usilichague mwenyewe, lipatikane kwa bahati nasibu, kama kuchomoa vikaratasi. Nalipenda sana hili, na kwenye shamba la watu wengi linapunguza hata maneno, hamna wa kusema fulani kajipa upande wenye rutuba.

Maana shamba halilingani jamani. Chini ya mteremko unyevu unakaa, karibu na mti kuna kivuli, pale palipokuwa na boma mboga zinastawi zenyewe. Kwa hiyo kila njia irudiwe sehemu tatu au nne, na hapa ndo ushirika unalipa, kwa sababu njia 3 ukizirudia mara 4 tayari ni matuta 12 na mtu mmoja mwenye kaeneo kadogo anayapata wapi? Na mistari ya pembeni msiiweke kwenye mzani, ile inapata mwanga na nafasi zaidi itawadanganya.

Sasa kubebesha nyanya, yaani kuunga mche mmoja juu ya mizizi ya mwingine, jaribio ambalo mi ningelianza nalo kesho. Unachukua mche wa nyanya unayoitaka na mche wa bilinganya inayostahimili mnyauko bakteria, ule ugonjwa wa kwenye udongo unaonyausha nyanya, unene wa mashina ulingane, unakata yote mshazari kwa wembe safi, unakutanisha majeraha yale mawili na kubana kwa klipu ndogo, halafu miche inakaa kwenye kivuli chenye unyevunyevu kama wiki hivi mpaka ishikane, ukiiwahisha juani inalala. Mizizi ya bilinganya inakaa kwenye udongo wenye ugonjwa, juu unavuna nyanya. Lakini ukiijaribu kwenye udongo usio na mnyauko unaweza usione faida yoyote, utabaki na gharama ya mche tu, yaani inabidi ijaribiwe pale penye ugonjwa, na ugonjwa wenyewe unasafiri na maji, na majembe, na udongo wa kwenye viatu. Kwenye shamba la pamoja hilo ni jambo zito, kipande hicho kiwe chini kabisa mwa mteremko, kihudumiwe mwisho wa siku, na jembe lioshwe kabla halijagusa tuta la mwingine. Hapo msioneane haya, asiyeosha aambiwe.

Kinachoniuma zaidi ni majaribio yaliyofeli kufichwa. Mtu kachanganya maranda mabichi kwenye udongo, mboga zikawa njano kwa sababu vijidudu vinavyoozesha maranda vimebeba naitrojeni yote, chakula cha mboga, basi anang'oa kimyakimya anapanda kingine na msimu ujao mwenzake anarudia kitu kilekile. Iandikwe! Hayo ni majibu ambayo watu wameyalipia kwa jasho.

Na kwenye daftari kilo peke yake hazitoshi, andikeni zilizofaa kuuzwa na zilizooza au kupasuka, maji yaliyotumika, na saa za kazi. Hizi saa zinasahaulika mno. Tuta la matandazo linaweza kushinda kwa mavuno wakati kuna mama kayabeba hayo majani kichwani asubuhi nzima, na hiyo asubuhi yake haionekani popote kwenye hesabu.