Daftari kwanza, rungu baadaye

Mbeya, Julai, usiku

Msimu huu baridi ya Uyole inapenya hata koti zito la mtumba, na ndio msimu unaolipima lindo la mtaa. Ikifika saa nane usiku vijana wa ulinzi shirikishi, wanaojitolea kulinda mtaa, wamejikunyata kwenye kibaraza cha duka, ujue mtaa umebaki wazi. Wiki nzima nimekuwa nikiiwaza kazi yao, pamoja na ya askari mwajiriwa, kwa sababu vijana wengi huziona zote mbili kuwa kazi za misuli. Naamini zote zinaanzia kwenye kalamu.

Kwa upande wa ajira, maombi ya Jeshi la Polisi hupita kwenye mfumo wake wa mtandaoni pale nafasi zinapotangazwa. Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakimtaka raia aliyemaliza angalau kidato cha nne, mwenye umri wa miaka 18 hadi 25, au hadi 30 kwa mwenye shahada. Urefu ni futi 5 na inchi 8 kwa mvulana, futi 5 na inchi 4 kwa msichana. Asiwe ameoa au kuolewa, asiwe na mtoto, asiwe na michoro mwilini. Barua huandikwa kwa mkono. Vigezo hubadilika, kwa hiyo soma tangazo lenyewe, si kipande kilichozungushwa WhatsApp. Na anayekudai hela "ya kukuingiza" ni tapeli, hata akija amevaa suti.

Huku kwetu tatizo kubwa ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ambwakisye, cha kidato cha nne Ambakisye, na kwenye NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, jina la kati halipo kabisa. Nyumbani ni mtu mmoja, kwenye mfumo ni watatu. Kiapo cha majina kwa wakili, kisha safari za NIDA na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, vyote vinakula siku nyingi kuliko dirisha la maombi linavyokaa wazi. Mwenye nia aanze leo, tangazo lisimkute kwenye foleni.

Wanaochukuliwa hupita Shule ya Polisi Moshi, na mbele yao kuna upelelezi, usalama barabarani, kikosi cha kutuliza ghasia, mbwa na farasi, Dawati la Jinsia na Watoto. Lakini konstebo mpya asishangae akipangwa kaunta, kupokea malalamiko, kuyaingiza kitabuni na kutoa namba ya RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni. Taarifa iliyoandikwa ovyo pale kaunta humfuata mpelelezi hadi mahakamani.

Wa kujitolea naye yuko hivyo hivyo. Polisi jamii, yaani polisi na wananchi kulinda kwa pamoja, ilipewa msukumo mkubwa kuanzia 2006, wakati wa mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema, na leo kikundi cha ulinzi kinapaswa kujulikana kwa mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, na mkaguzi wa polisi wa kata. Majina ya vijana yapelekwe kituoni yakachunguzwe kabla ya zamu ya kwanza. Ada ya ulinzi ipitishwe kwenye mkutano wa mtaa na kila kaya ipewe risiti. Nafikiri vikundi vingi vinauawa na hela isiyo na risiti kuliko na wezi.

Vifaa si vingi: tochi, filimbi, kizibao cha reflekta, simu yenye salio na chaji, na daftari gumu la mistari. Andika saa ya kuanza, waliofika, njia iliyopitwa, kilichoonekana. Watembee wawili wawili, pea moja isikie filimbi ya nyingine.

Pagumu ni pale mtu anapokamatwa. Sheria inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, lakini inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumfungia ofisi ya mtaa hadi asubuhi ni kosa. Kipigo ni kosa kubwa zaidi, na watu wakishajaa na mawe mkononi, kazi ya mlinzi ni kumzunguka mtuhumiwa na kupiga 112. Tunasahau kwamba hata yeye yuko chini ya ulinzi wetu.

Simu au panga alilokutwa nalo ashike mtu mmoja tu hadi kituoni. Likipita mikono mitano, wakili atauliza nani alilibadilisha, na hapatakuwa na jibu. Kwa aliyebakwa, usimhoji hata kidogo. Asioge, nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi kwa sababu plastiki hufungia unyevu na kuharibu ushahidi, kisha apelekwe Dawati akiwa na mtu anayemwamini.

Kituoni, kabla ya kuondoka, andika saa ya kukabidhi, hali ya mwili wa mtuhumiwa, vitu vyake kimoja kimoja, na jina na namba ya askari aliyempokea. Askari asaini. Saa kumi na moja alfajiri daftari lirudi ofisi ya mtaa kabla ya mtu yeyote kwenda kulala. Likilala nyumbani kwa kiongozi wa zamu, siku mpelelezi atakapolihitaji, yeye atakuwa amekwenda shambani Rungwe na mlango una kufuli.