Nimemaliza alfajiri, macho mekundu
Riwaya ya mapenzi imeninyima usingizi. Mwanajeshi wa zama zetu anajikuta kwa Waviking, wale mabaharia wapiganaji wa Ulaya Kaskazini, zaidi ya miaka 1,000 nyuma. Nililia pale risasi zilipomwishia, akasimama nyuma ya mwanamke anayempenda na kuuamini upanga wake. Jamani, hayo ndiyo mapenzi!

Nikakumbuka kaburi la Birka, mji wa kale wa Waviking huko Uswidi, lililofukuliwa 1878: upanga, shoka, mikuki, mishale, na farasi wawili. Kwa silaha zile, wataalamu wengi wakaamini ni mwanamume. Mwaka 2017 vipimo vya DNA vikaonyesha ni mwanamke.

Mtu alimzika pale, akampangia silaha zake moja moja. Tangu asubuhi namuwaza huyo aliyebaki.