Bega langu na Waziri wa Afya

Tangu niseme nimefungua madai ya fidia ya bega lililoumia baada ya chanjo, meseji hazikatiki. Wapo wanaotaka nitamke kwamba chanjo ni sumu. Sitamki. Ya mafua nachoma kila mwaka, siku hizi mkono wa kulia. Ninachodai ni mahali sindano ilipoingia: mchomaji amesimama, mimi nimekaa, akavuta kola ya blauzi mpaka begani badala ya kukunja mkono wa blauzi hiyo, akachoma juu kabisa, karibu na mfupa. Usiku huohuo nikashindwa kufungua sidiria. Na sisi wabeba boksi wa Columbus, Ohio, tunaolea wazee, mkono ndio mtaji.

Marekani huanzi kwa kumshtaki mchomaji wala kiwanda. Sheria ya 1986 iliweka mfuko wa fidia: kila dozi hutozwa ushuru wa senti 75 kwa kila ugonjwa inaoukinga. Unayemdai ni Waziri wa Afya, mahakamani Washington. Wakili naye hulipwa na mfuko hata mkishindwa, ilimradi madai yalikuwa ya nia njema na yana msingi. Nilipoambiwa hivyo nilijua natapeliwa!

Bega liliingia kwenye jedwali la mfuko, yaani orodha ya madhara unayoyatambua, mwaka 2017. Maumivu yawe yameanza ndani ya saa 48, kwa kawaida yadumu zaidi ya miezi sita, na ufungue madai kabla ya miaka mitatu kwisha.

Hizo saa 48 ndizo zinazonitoa jasho. Daktari niliyemwendea baada ya kuchoka na vidonge aliandika kwamba bega linauma "wiki chache". Basi upande wa serikali umeing'ang'ania sentensi hiyo kama ruba, eti maumivu hayakuanza ndani ya saa hizo. Sisi tumepeleka voisi ya WhatsApp niliyomtumia dada yangu aliyeko Moshi usiku ule, nalalamika huku nacheka, tarehe inaonekana. Pia kiapo cha mwenzangu wa shifti, aliyemgeuza bibi mmoja kitandani peke yake kesho yake, mimi nimesimama tu.

Fidia ya maumivu haivuki dola 250,000, na wakili kanionya mapema nisianze kuulizia viwanja Kigamboni. Bado tunavutana.

Mnaouliza kuhusu chanjo ya Korona: hiyo ina mfuko mwingine, muda wake ni mwaka mmoja tu tangu uchomwe, na wakili unamlipa mwenyewe.