Kutafuta buluu ya ziwa kwa udongo mwekundu wa Kigoma

Mawese Kigoma yako kila soko, yana rangi ya kuvutia, na chupa moja inatosha majaribio ya mwezi mzima. Ndiyo maana mtu anayeanza kujitengenezea rangi za kuchorea hapa mwisho wa reli huchota udongo mwekundu, akauchanganya na mawese, akapaka kwenye hadibodi na kusubiri. Atasubiri sana. Miezi mitatu baadaye ukigusa picha kidole bado kinatoka na rangi, na vumbi la mtaa mzima limeshanasa juu yake.

Kosa haliko kwenye udongo. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Mafuta yenyewe hunyonya oksijeni ya hewani, yakashikana na kuwa ngozi ngumu. Mafuta ya kitani yana tabia hiyo, ya mawese hayana. Hata ule wekundu wake unaoelekea chungwa ni wa jamii ya rangi iliyo kwenye karoti, na jua huufuta upesi. Alizeti iko katikati: ukiipaka nyembamba sana hukauka baada ya wiki kadhaa, ukiipaka nene hubaki inanata. Kwa hiyo achana na mafuta, fanya kazi na maji na gundi. Mawese yabaki kwenye maharage.

Udongo wenyewe

Unaofaa ni udongo wenye chembe laini na chuma kingi, usio na mizizi wala majani yanayooza. Kwenye barabara zilizokatwa mlimani utaona tabaka waziwazi, lakini shimo jipya la choo au la kisima ni bora zaidi, kwa sababu chini ya wekundu wa kawaida mara nyingine kuna madoa ya njano. Ongea vizuri na fundi anayechimba, akuwekee kila tabaka kwenye mfuko wake. Kichuguu nacho usikipite: mchwa hubeba chembe ndogo tu, hivyo nusu ya kazi ya kuchekecha wameshakumalizia.

Anza na kilo moja. Anika, ponda, chekecha kwa chujio la chai. Weka kwenye ndoo, mimina maji kama lita 6, koroga kwa nguvu, kisha hesabu taratibu hadi 60. Mchanga unazama, rangi inabaki ikielea. Mimina hayo maji yenye rangi kwenye ndoo ya pili na uache mchanga chini. Rudia na masalia mara mbili au tatu, hadi maji yanayotoka yawe mepesi. Ndoo ya pili iache usiku kucha. Asubuhi mwaga maji safi yaliyo juu, tandaza tope kwenye sahani au kipande cha bati, lianike kivulini.

Kuna udongo mkaidi ambao hata siku mbili zikipita maji bado ni ya mawingu. Chembe zake ni ndogo mno na zinasukumana zenyewe kwa zenyewe. Yeyusha kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye maji kidogo, umimine, na zitaanza kushikana na kuzama. Ila baada ya hapo lazima uoshe tope kwa maji safi mara mbili au tatu. Ukiliacha na chumvi, picha ikikauka itaota ukungu mweupe usiotoka kwa kupangusa.

Udongo wa njano una zawadi yake. Uweke kwenye kikaango cha zamani juu ya jiko la mkaa, nje ya nyumba, ukiwa mkavu kabisa (wenye unyevu huruka na kuunguza), na uugeuze kwa mwiko. Kwenye joto la nyuzi 250 hadi 300 njano hupoteza maji yaliyofungwa ndani yake na kugeuka nyekundu. Toa kijiko kimoja kila dakika tano na ukiweke pembeni: kutoka udongo mmoja utapata njano, chungwa, rangi ya tofali na nyekundu iliyokolea. Udongo uliokwisha kuwa mwekundu hautabadilika sana, usipoteze mkaa.

Gundi ndiyo inayoamua

Unga wa udongo peke yake ni vumbi. Kinachoushikisha kwenye karatasi ni gundi, na ya zamani na ya kuaminika ni ile inayotoka kwenye migunga. Ukiinunua kwa wauza dawa za asili, ijaribu kwanza: weka kipande kwenye maji ya vuguvugu na kiache usiku. Kikiyeyuka chote, sawa. Kikivimba na kubaki jeli, ni gundi ya mti mwingine; kirudishe.

Gramu 50 za gundi iliyopondwa kwa mililita 100 za maji ya moto. Acha hadi kesho yake, chuja kwa kitambaa cha pamba, halafu ongeza asali kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Ya Tabora inafaa sana na haiko mbali. Asali huzuia rangi isipasuke ikikauka na huifanya ilainike tena ukiigusa kwa brashi yenye maji. Maliza kwa matone mawili ya mafuta ya karafuu, la sivyo ndani ya wiki utakuta ukungu juu ya chupa.

Kusaga ndiko watu wanakolipua kazi. Weka kijiko cha unga kwenye kipande cha kioo kinene, tengeneza shimo katikati, mimina gundi kiasi hichohicho, kisha saga kwa mizunguko na kitako bapa cha glasi nzito. Robo saa, bila haraka. Sikiliza: mwanzoni inakwaruza, mwishoni inakuwa kimya na nzito. Usisage unga mkavu kwenye chumba kilichofungwa. Vumbi la udongo lina chembe za mchanga na mapafu hayalisamehe. Funga pua na mdomo, au saga ukiwa umeshaulowesha.

Paka mstari kwenye karatasi, uache ukauke kabisa, halafu usugue kwa kidole. Ukitoa vumbi, gundi ni kidogo. Ukimeta na kupasukapasuka, gundi imezidi. Ukinata, hasa masika, asali imezidi. Kila udongo una kiu yake: wa kichuguu hunywa gundi kuliko wa barabarani, kwa hiyo andika kipimo cha kila mmoja kwenye kopo lake.

Kwa hadibodi, gundi nyeupe ya mafundi seremala inatosha, sehemu moja kwa tatu za maji. Ikikauka haitoki tena, na brashi uliyoisahau pia haitapona. Kiini cha yai kilichochanganywa na maji kiasi sawa nacho hushika vizuri sana kwenye ubao, lakini hakilali: tengeneza cha leo, tumia leo.

Karatasi ya fotokopi hujikunja ukiilowesha tu. Nunua manila nene, ibandike kingo zote nne kwenye ubao kwa utepe wa gundi, upake kwanza uji mwepesi wa wanga wa muhogo, kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe cha maji, uliopikwa hadi ukawa angavu. Bila uji huo karatasi hufyonza rangi na udongo wako mzuri unageuka doa. Wanga huo, hata hivyo, mende wanaupenda.

Nyeusi, nyeupe, na tatizo la ziwa

Nyeusi ni masizi ya koroboi au ya kitako cha sufuria. Ukiyamwagia maji yataelea tu, kwa sababu yana mafuta. Yaloweshe kwanza kwa spiriti ya kusafishia vidonda, matone machache, hadi yawe tope, ndipo uongeze gundi. Mkaa uliosagwa hutoa nyeusi dhaifu zaidi, yenye kijivu kinachoelekea ubaridi wa buluu, na hiyo baridi ina kazi yake tutakayoifikia. Kwa mkaa wa kuchorea, menya vijiti vya mpera vya unene wa penseli, vipange kwenye kopo la maziwa ya unga, toboa tundu la msumari kwenye kifuniko na uweke motoni. Moshi ukikoma kutoka kwenye tundu, umeiva. Usifungue kopo likiwa na joto. Hewa ikiingia, unapata majivu.

Nyeupe ni ngumu. Chokaa na chaki zikiwa na maji hazionekani, zikikauka hujitokeza, hivyo unapaka ukiwa gizani. Kijiko cha rangi nyeupe ya ukutani, ile ya maji, kinafunika vizuri kuliko zote. Hakuna aibu kuitumia.

Sasa ziwa. Una nyekundu, njano, kahawia, nyeusi, nyeupe, halafu mbele yako kuna Tanganyika, ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470, na hiyo kina unaiona kwenye rangi yake. Njia ya kwanza haihitaji buluu hata kidogo. Changanya nyeusi ya mkaa na nyeupe upate kijivu, kisha zungusha kijivu hicho kwa nyekundu ya tofali na chungwa. Jicho litakiona kina ubuluu. Kitoe pale, ukiweke peke yake kwenye karatasi nyeupe, ni kijivu tu. Picha ya pwani ya Kigoma, yenye mteremko mwekundu mbele na maji nyuma, imekaa kama iliyopangwa kwa ujanja huu.

Njia ya pili ni bluu ya kufulia. Nyingine ni unga halisi wa rangi, nyingine ni maji ya rangi yaliyokaushwa, na duka halitakuambia ipi ni ipi. Koroga kidogo kwenye glasi ya maji, uache usiku kucha. Ikizama chini na maji yakabaki safi, ni unga. Halafu dondoshea sehemu yake ndimu: ile halisi hupauka na kutoa harufu ya yai bovu. Hiyo ndiyo unayoitaka, na kwa sababu hiyohiyo usiichanganye kamwe na kitu kichachu. Ukiitia kwenye udongo wa njano unapata kijani cha zeituni, ambacho ndicho kijani cha miembe ya Ujiji jua likiwa kali. Kijani cha dukani kinaonekana kama plastiki kando yake.

Pa kutazama

Wachoraji wengi hapa hukimbilia machweo. Yapo, na ni mazuri, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Lakini Kigoma iko magharibi mno kwa saa za Tanzania; jua huzama karibu saa moja, dakika kama 40 baada ya Dar es Salaam, na mwanga wenyewe hauchelewi kuondoka. Kabla hujachanganya rangi ya tatu giza limeingia. Chora umbo tu kwa mkaa, andika majina ya rangi juu yake, upake kesho yake. Wakati wa kiangazi ukungu wa vumbi na moshi wa majani yanayochomwa huifuta Kongo kabisa. Milima inarudi mvua zikishaosha hewa. Anayetaka tabaka za milima aje masika, anayetaka anga tupu aje Julai.

Kwenye dagaa wa ufuko wa Kibirizi ndiko mtu hujifunza. Fuata kalenda ya mwezi: wavuvi huwavuta kwa taa, kwa hiyo usiku wa mbalamwezi kazi hupungua, na asubuhi yake mchanga ni mtupu. Nenda siku za giza. Usitafute rangi ya fedha. Dagaa waliotandazwa ni karatasi iliyoachwa wazi, mistari mifupi ya kijivu, na kivuli cha kahawia chini. Ukipaka kila samaki umeshapotea. Chora kumi vizuri, waliobaki wawe mwelekeo tu wa brashi.

Hapa chumvi ya Uvinza inaingia tena, safari hii kwenye picha yenyewe. Paka masizi mepesi yaliyosagwa sana, subiri ule mng'ao wa maji uanze tu kuondoka, kisha nyunyiza chembe kubwa. Kila chembe hunyonya maji kuizunguka na kuacha nyota nyepesi. Mapema mno, inayeyuka. Kwa kuchelewa, haifanyi kitu. Udongo mzito hauitiki vizuri, masizi na bluu huitika. Ikikauka pangusa yote, maana inayobaki itavuta unyevu.

Mabati ya zamani ya Ujiji hayahitaji rangi ya kuigiza: kwangua kutu, saga, paka. Ni chuma kilekile kilicho kwenye udongo, ndiyo maana paa na barabara hukubaliana kwenye picha. Stesheni ya reli iliyofikiwa mwaka 1914 ni zoezi zuri la kivuli kwenye ukuta mweupe, na saa saba mchana ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa sababu jua liko utosini. Samaki kama kuhe na mgebuka wachore sokoni mapema. Rangi ya ngozi huanza kufifia muda mfupi baada ya kutolewa majini. Kwa vitenge, nakili mpangilio na uache rangi. Kazi nyingi za vitenge zinazokufa kwenye karatasi zimeuawa na kutaka rangi zote saba.

Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia hadibodi na rangi za mafuta za dukani, vifaa vya fundi wa ujenzi. Anayependa ung'avu huo aufuate, ila asichanganye njia mbili: rangi ya gundi juu ya rangi ya mafuta hubanduka kama ganda.

Mwisho, kabla hujamuuzia mtu picha, paka mstari wa kila rangi, funika nusu kwa kadi nene na ubandike kwenye dirisha linalopigwa na jua la mchana. Udongo, kutu na masizi hazitabadilika. Manjano ya bizari hupauka mapema kuliko zote, na rangi ya choya huifuata. Hizo mbili zitumie kwenye daftari linalofungwa.