Gari la umeme kuishinda Toyota hapa Mwanza?

Wakuu, kampuni changa kuwatikisa wakongwe inawezekana kabisa. BYD, kampuni ya magari ya umeme ya China, ilianza 1995 ikitengeneza betri tu. Lakini Fisker, kampuni changa ya magari ya umeme ya Marekani, ilifilisika 2024, na wateja wakabaki wanahangaikia spea na programu za gari. Hapo ndipo pa kuangalia kabla hujatoa hela.

Chaji yenyewe haisumbui. Betri ya kWh 60 (yuniti 60 za umeme) kwa chaja ya nyumbani ya fezi moja, ampea 32, hujaa kwa saa 9 hivi. Weka waya wa shaba wa milimita za mraba 6, laini yake peke yake, na swichi inayokata umeme ukivuja. Kinachounguza mara nyingi ni skrubu ya kubana waya iliyolegea: inapata moto usiku kucha, plastiki inayeyuka. Kilima cha Bugando kinakula chaji kweli, ila ukishuka mota inarudisha sehemu yake. Betri iliyojaa haina nafasi ya kupokea umeme huo, kwa hiyo ukikaa mlimani ishia kuchaji asilimia 80.

Toyota inalindwa na fundi wa kila mtaa. Atakayeleta Mwanza spea kama inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili uendeshe mota), chaja ya ndani ya gari na fundi anayejua kuzima volti 400 kabla ya kugusa, huyo nampa nafasi kubwa.